Alexandre Dumas watatu, na mama mwenye aliwaachia jina

Kila siku ya mushahara, ku dirisha ya biro, mambo ni ile ile. Karani anaita Ilunga, wanaume ine wanasimama pamoja. Anaita Kabwe, watatu wanasogea. Inaomba atafute namba ya matrikile, ao jina ya papa, ao muji wa kuzaliwa. Kwetu ile haimushangaze mutu, juu mutoto anapewa jina ya nkambo, na nkambo naye aliipata kwa mwingine. Jina inatembea.

Leo tunaelezea jina moja yenye ilitembea vile mu Ufaransa, kwa wanaume watatu: nkambo, mutoto na mujukuu. Wote waliitwa Alexandre Dumas. Wa kwanza alikuwa generali. Wa pili njo yule mwenye watoto wetu wanasoma ku masomo, mwenye aliandika Les Trois Mousquetaires. Wa tatu aliandika La Dame aux camélias. Watu mingi wanawachanganya, na siwalaumu: mimi mwenyewe nilimaliza miaka nikizani kama mutu mumoja njo aliandika vitabu vyote, na yule wa kwanza sikumujua hata kidogo. Na yeye njo mwenye maisha yake inapita hadisi zote za mutoto wake.

Jina Dumas haikutoka kwa papa. Ilitoka kwa mama mutumwa, mweusi, jina yake Marie-Cessette Dumas. Aliishi upande wa Jérémie, ku kisiwa cha Saint-Domingue, fasi yenye leo ni Haiti. Wakati ule ilikuwa koloni ya Ufaransa, imejaa mashamba ya sukari na kahawa, na watumwa kutoka Afrika walilima mule mupaka kufa. Wengi kati yao walipandishwa mashua ku pwani ya Kongo na Angola, kwa hiyo habari hii haiko mbali na sisi. Muzungu mumoja wa ukoo mutukufu, Antoine Davy de la Pailleterie, alimununua Marie-Cessette na akazaa naye watoto. Tarehe 25 ya mwezi wa 3, mwaka wa 1762, alizaliwa mutoto mwanaume, Thomas-Alexandre.

Yule Antoine alikuwa anajificha. Alikosana na ndugu yake, na miaka mingi aliishi kule na jina ya uongo. Wakati wakubwa wa jamaa yake walikufa, alielewa kama uriti na cheo cha marquis vilikuwa vinamungoja ku Ufaransa. Lakini feza ya kulipa safari ilikosa. Basi aliuzisha watoto wake wengine. Thomas-Alexandre naye alimuweka rehani: alimuuzisha kwa kapiteni wa mashua, kwa livre 800, na mapatano kama anaweza kumukomboa. Mu 1776 alituma feza, na mutoto akashuka ku bandari ya Le Havre akiwa na miaka 14.

Kuko wenye wanasema yule papa alimupenda sana mutoto wake, sababu alimukomboa. Mimi nawaza wale wengine wenye alibakisha. Mama yake, Alexandre hakurudi tena kumuona.

Ku Ufaransa kijana alipata nguo za bei, walimu, na masomo ya kupigana na upanga. Alikuwa murefu sana, zaidi ya metre 1,85, na nguvu yake ilikuwa inaongelewa fasi yote. Lakini mu 1786 marquis, mwenye alikuwa amepita miaka 70, alioa mutumishi wake wa nyumba, na feza ya kijana ikapunguka. Alexandre alikata shauri kuingia mu jeshi kama soda wa chini kabisa. Papa yake alisikia haya: hakutaka jina ya ukoo mutukufu ikokotwe mu vumbi pamoja na masoda. Kijana hakubishana. Siku ya kujiandikisha, tarehe 2 ya mwezi wa 6, aliandikisha Alexandre Dumas, jina ya mama yake. Marquis alikufa mwezi ule ule.

Kiisha ikaja Mapinduzi ya 1789. Kikundi cha Dumas kilitumwa mu muji mudogo wa Villers-Cotterêts kulinda watu, na yeye akalala ku hoteli ya Muzee Claude Labouret. Muzee alikuwa na binti, Marie-Louise. Kijana alimulomba. Papa mukwe hakukatala juu ya rangi yake. Aliomba kitu kimoja tu, kijana apate kwanza cheo kidogo, hata cha kaporali. Wakati walifunga ndoa, mwezi wa 11 wa 1792, Dumas alikuwa tayari luteni-kolonele. Mu 1793 alikuwa generali. Miaka saba tu ilipita tangu siku ile aliandikwa soda wa chini! Alikuwa na miaka 31, na mbele yake hapakukuwa mutu mwenye damu ya Afrika mwenye aliongoza jeshi nzima ya Ufaransa.

Mu 1794 walimupatia jeshi ya milima ya Alpes, kule baridi inaua mbele ya risasi. Aliwavalisha masoda vyuma vya meno chini ya viatu ili wasiteleze ku barafu, na wakakamata njia za Petit-Saint-Bernard na Mont-Cenis. Mutoto wake aliandika kiisha kama, wakati ule, generali alifika mu kijiji fasi watu ine walingojea kukatwa kichwa, juu walificha kengele ya kanisa yao isiyeyushwe. Aliuliza masoda kama hawasikie baridi, akaamuru mashine ya kukata vichwa ipasuliwe, iwashwe moto. Wale watu ine wakaenda kwao. Kumbuka, ku Paris wakati ule mutu alikuwa anaweza kufa kwa jambo ndogo kuliko ile.

Kutoka kule alitumwa Vendée, fasi Wafaransa walikuwa wanauana wenyewe kwa wenyewe. Alikuta masoda wanaiba na kuua wanavijiji, akaandika ripoti yenye ilisema wazi kama kosa ilikuwa ya jeshi yenyewe. Ripoti ya namna ile haimuongezee mutu marafiki. Mu 1797, mu milima ya Tyrol, alisimama karibu peke yake ku daraja ya Klausen na kuzuia askari wa farasi wa Autriche mupaka wenzake walifika. Alitoka na vidonda, na koti yake ilikuwa na matundu ya risasi.

Mu 1798 Bonaparte alimuchukua Misri kuongoza askari wote wa farasi. Kule njo mambo iliharibika. Masoda walikuwa wanakufa na kiu mu jangwa, na magenerali wakaanza kunungunika mu hema. Dumas alisema wazi mbele ya Bonaparte kama haone sababu ya vita ile. Kupigania Ufaransa sawa, kupigania ukubwa wa mutu mumoja, hapana. Bonaparte hakusahau. Hakusahau kamwe.

Mwezi wa 3 wa 1799 Dumas alipata ruhusa ya kurudi, akapanda mashua nzee ku Alexandrie. Mu mashua ile mulikuwa pia mujuzi wa mawe, Déodat de Dolomieu. Ba papa wenye wanatumika ku shimo, ile jina haiwaambie kitu? Dolomi, jiwe ile yenye munakuta kila siku pembeni ya shaba na kobalti yetu, ilibatizwa juu yake. Basi mujue kama mutu wa dolomi na generali Dumas walisafiri pamoja, na walianguka pamoja. Zoruba iliwapiga, mashua ikaanza kuingiza maji, walitupa mizigo mingi mu bahari, na wakalazimika kuingia ku bandari ya Taranto, kusini mwa Italia. Walizani wanafika kwa rafiki. Kumbe ufalme wa Naples ulikuwa adui wa Ufaransa. Walifungwa wote. Dolomieu walimupeleka Messina, peke yake mu chumba cha giza. Aliandika maarifa yake pembeni ya kurasa za vitabu, na wino wa moshi wa taa. Walimutoa mu 1801, na mwaka ule ule akafa.

Dumas alifungwa miaka miwili. Hakuna samani, hakuna siku ya kutoka. Tumbo ilianza kumuuma vibaya, na mupaka kufa aliamini kama walimutilia sumu. Wakati alitoka mu 1801 alikuwa kiziwi kwa sikio moja, jicho moja ilikuwa inaona vibaya, uso ulikuwa umepoozwa upande. Alikuwa na miaka 39. Mutu mwenye alizuia askari ku daraja peke yake sasa alitembea na fimbo.

Alirudi kwa bibi yake Villers-Cotterêts. Akaandikia serikali juu ya mushahara wa ile miaka miwili ya gereza, yenye alikuwa na haki nayo sababu alifungwa akiwa kazini. Hakulipwa. Akalomba kazi, hata ndogo. Hakujibiwa. Mukubwa wa inchi alikuwa Bonaparte, na mwezi wa 5 wa 1802 yule Bonaparte alirudisha utumwa mu makoloni. Miezi miwili kiisha, tarehe 24 ya mwezi wa 7, kulizaliwa ku nyumba ya Dumas mutoto mwanaume. Walimupa jina Alexandre.

Generali alikufa tarehe 26 ya mwezi wa 2, 1806. Kijana alikuwa na miaka tatu na nusu.

Ba mama wajane wenye wanasoma gazeti hii hawahitaji nieleze sana yenye ilifuata. Marie-Louise alichukua karatasi zake na kubisha ku kila mulango. Aliandika, alilomba wakubwa wenye walikula mezani na bwana yake, wamusemee kwa Napoléon. Pansio ya mujane wa generali haikutoka. Mutoto hakupata masomo ya serikali yenye watoto wa magenerali walikuwa wanapewa. Waliishi kwa msaada wa Muzee Labouret, na wakati Muzee alikufa, waliishi na kidogo. Mupaka Napoléon alianguka, mu 1814, njo mujane alipata ruhusa ya kuuzisha tumbako mu duka ndogo.

Hapa kuko jambo yenye inanigusa kuliko vita zote. Mu ule mwaka wa 1814 wafalme walirudi, na mutu mwenye jina ya watukufu alikuwa anaweza kupata kitu. Kijana Alexandre alikuwa karibu miaka 12. Kwa haki ya nkambo wake alikuwa anaweza kuitwa Davy de la Pailleterie, na milango ifunguke. Mama yake alimuuliza anataka jina gani. Kijana alichagua Dumas. Alimukatala nkambo mwenye aliuzisha, akachagua papa yake, na nyuma ya papa, yule nkambo mwanamuke mwenye aliuzishwa. Na nyumba yao ilikuwa na njaa, tusisahau.

Mu 1823 alifika Paris, karibu bila feza. Rafiki ya zamani ya papa yake, generali Foy, alimuuliza anajua nini. Hesabu? Hapana. Sheria? Hapana. Kilatini kidogo tu. Lakini mwandiko wake ulikuwa muzuri sana, na kwa mwandiko ule alipata kazi ya biro kwa duc d'Orléans, franka 1 200 kwa mwaka. Muchana alikopia barua za wengine, usiku alisoma na kuandika. Mwezi wa 2 wa 1829 mucheze wake Henri III et sa cour ulionyeshwa ku Comédie-Française. Siku chache mbele, mama yake alianguka na kupooza. Usiku ule kijana alikuwa anakimbia kutoka teatri kwenda ku kitanda cha mama, na kutoka ku kitanda kurudi teatri. Asubuyi, Paris yote ilijua jina yake.

Vitabu vyake vikubwa vilitoka kwanza mu magazeti, kipande kwa kipande, na watu walingoja ya kesho sawa vile tunangoja matokeo ya mupira. Les Trois Mousquetaires ilitoka mu 1844. Mwaka ule ule ikaanza Le Comte de Monte-Cristo: kijana wa mashua anafungwa bila samani kwa wivu wa wenzake, anakaa gerezani miaka 14, anatoka, anawalipisha mumoja mumoja. Mwenye amesoma habari ya Taranto anaelewa gereza ile ilitoka wapi. Ku Cuba, wafanyakazi wa kusokota sigara walikuwa na musomaji wa kuwasomea kwa sauti wakati wa kazi, na kitabu kile waliipenda mupaka jina ya Monte-Cristo ikapewa sigara.

Hakuandika peke yake. Auguste Maquet alimusaidia sana kwa mapango na utafiti, na jina ya Maquet haikuonekana ku kitabu. Walifikishana ku tribinali; Maquet alipewa feza, lakini haki ya kuitwa mwandishi, hapana. Pale Dumas hakukuwa muzuri. Mutu mwenye alijua bei ya jina angeweza kumuachia mwenzake kipande.

Wengine walimushambulia kwa njia mbaya zaidi. Mu 1845 mutu mumoja, Mirecourt, alitoa kitabu kidogo cha kumuchekelea juu ya nywele zake, ngozi yake na damu yake ya Afrika. Dumas alimushitaki na Mirecourt akahukumiwa. Mbele ya pale, mu 1843, Dumas alikuwa ameandika Georges, habari ya kijana wa damu mbili ku kisiwa cha Maurice mwenye anasimama mbele ya wazungu wa mashamba.

Feza ilikuja kama mvua ya mwezi wa kwanza na ikapita vile vile. Alijenga nyumba kubwa ku Port-Marly, akaiita Monte-Cristo, kila mutu alikula mule, hata wenye hakujua jina yao. Miaka michache tu, nyumba ikauzishwa. Mu 1851 alikimbilia Bruxelles kuepuka wenye deni. Lakini mu 1860, wakati Garibaldi aliingia vitani kumutoa mufalme wa Naples, Dumas alitoa feza yake mwenyewe kununua bunduki. Ufalme wenye ulimuharibu papa yake ulianguka, na mutoto akaikala miaka karibu ine mu ule muji wa Naples, akiongoza gazeti.

Tuseme sasa juu ya wa tatu, maana yeye alilipa bei ya mambo mengine. Alizaliwa mwezi wa 7 wa 1824, na mama yake Catherine Labay alikuwa mushoni wa nguo. Dumas hakumuoa. Mwanamuke alimulea mutoto peke yake na sindano yake mupaka 1831. Pale papa njo alikumbuka, akamutambua ku sheria, na tribinali ikamupa mutoto. Mutoto wa mujane wa Villers-Cotterêts, mwenye aliona mama yake anabisha ku milango, alimutoa mutoto mu mikono ya mama mwingine. Ku masomo wenzake walimuchekelea sana kijana juu ni mutoto wa inje.

Hakusahau. Wakati naye alianza kuandika, jina ilikuwa tayari imekamatwa, njo maana ku vitabu wanaandika père kwa papa na fils kwa mutoto. La Dame aux camélias ya 1848 ilimufanya ajulikane. Ilitoka ku maisha ya mwanamuke wa Paris, Marie Duplessis, mwenye alimupenda na mwenye alikufa na kifua kikuu akiwa na miaka 23. Mu 1853 Verdi aliifanya opera, La Traviata. Lakini kiisha pale mara mingi aliandika juu ya wanaume wenye wanazaa na kuacha. Mucheze wake wa 1858 unaitwa Le Fils naturel, ule wa 1859 Un père prodigue. Papa alienda kuiona na akapiga makofi. Walipendana hata vile. Ule mucheshi mukubwa na yule mutoto wa uso mugumu.

Mu 1870, papa alikuwa amechoka na hana kitu. Alikufa tarehe 5 ya mwezi wa 12, ku nyumba ya mutoto wake, Puys, karibu na Dieppe. Mutoto aliingia ku Académie française, mulango wenye haukufunguliwa kwa papa, akafa mu 1895. Aliacha mabinti wawili.

Ku Paris kulikuwa kiwanja kimoja fasi walisimamisha sanamu ya kila mumoja, na watu walikiita kiwanja cha Dumas watatu. Wakati Wajerumani walikamata Paris, mu vita ya 1940, ile ya generali iliondolewa na kuyeyushwa. Bronze ni shaba na bati, munajua wenyewe. Zile zingine mbili zilibaki. Miaka 60 na zaidi generali hakuwa na kitu pale. Mu 2002 mifupa ya mutoto wake ilitolewa Villers-Cotterêts, ikapelekwa Panthéon na heshima ya inchi yote. Mu 2009 muji wa Paris ukaweka kitu kwa generali pia, ku kiwanja kile kile. Haiko sanamu ya mutu. Ni pingu mbili za mutumwa, kubwa kupita nyumba ndogo, na munyororo wake umekatika.